Mikosi ya Wageni Katika Mti Wangu wa Plamu

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Waongoza Matembezi ya Mahekalu,
Kamakura.

Ndugu Mwenyekiti,

Nimevaa koti kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa heshima ya barua huanzia kwa mwandishi.

Mimi ni Asahina Tokujiro, mwalimu mstaafu. Nyumba yangu imepakana na madhabahu yenye sanamu za mbweha, ambapo matembezi yenu ya Jumapili hupumzika. Sina ugomvi na matembezi. Watu watembee; miguu ni yao. Ugomvi wangu ni juu ya mti wangu wa plamu, ambao tawi lake moja limevuka uzio na kuingia uwanjani. Kwa desturi, mgeni akivuta karatasi ya utabiri wa bahati na kuikuta mbaya, huiacha papo hapo madhabahuni kwa kuifunga kwenye kamba zilizowekwa. Lakini mwongozaji wenu, Bi. Sugimori, huwaambia wageni, nami nimemsikia: “Achaneni na kamba, jamani. Mti huu una moyo. Fungeni hapa!”

Naomba njia ya matembezi yenu ihamishwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Mkosi hukaa ulipofungwa. Mti ni wangu. Kwa hiyo mikosi ni yangu. Waliopata heri huondoka nayo kwenye pochi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifungia heri.

2. Kijana wa Nagoya alifunga karatasi isemayo: “Atakuja mgeni, naye hataondoka upesi.” Kesho yake akaingia shemeji yangu Kiyotaka na sanduku lake. Yupo hadi leo. Kila jioni huniita kutoka bafuni: “Shemeji, maji yamepoa tena!” Mgeni huyu ni haki ya kijana wa Nagoya, na ninaomba apelekewe.

3. Karatasi nyingine ilionya juu ya meno. Jino langu limeng’olewa.

4. Jua likizama ninazifungua karatasi zote, bila kuchana hata moja, na kumpelekea kuhani azichome inavyostahili. Kazi hiyo ni yenu, nami si mwanachama wenu.

5. Wageni wameanza kuzungumza na mti. Jumapili iliyopita mama mmoja alilishika tawi akasema, “Haya mzee, ubebe wewe, mimi nimechoka.” Mke wangu Fumie akamtolea chai. Nilipomkanya, alinijibu mbele ya umati: “Wewe nawe! Mti ukisemeshwa unaona wivu?”

6. Tawi likielemewa litavunjika. Likivunjika, mikosi ya nchi nzima, kuanzia Hokkaido hadi Okinawa, itaangukia tuta langu la vitunguu, nasi tutaila kwenye supu. Je, Chama kina utaratibu wowote kuhusu supu hiyo?

Matembezi yakishindwa kuhama, basi Bi. Sugimori aje akae kwetu wiki moja, abebe zamu yake ya mikosi. Chumba cha Kiyotaka kitakuwa wazi mara tu Nagoya watakapompokea.

Wasalimie waongozaji wote, hasa wenye malengelenge. Mke wangu naye anakusalimu, ingawa sikumwomba.

Wako katika utaratibu,
Asahina Tokujiro

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Bi. Sugimori amepita kuniomba radhi, kwa adabu kamili. Amesema kuanzia Jumapili ijayo watapitia barabara ya juu, kwa Bwana Hirabayashi, ambaye amewapa msonobari wake na hata kuupunguza matawi ili ufikike. Mwenyekiti, Hirabayashi ni mtu wa kutoa taka za chupa siku ya kukusanywa makopo. Karatasi za watu atazitupa Jumanne pamoja na taka za jikoni. Na yule mama aliyechoka, akirudi, ataukuta mti wake mtupu? Tafadhali isome barua hii kuwa ombi la kuiacha njia ilivyo. Tawi la pili nimeshalivuta upande wenu wa uzio na kulifunga kwa kitambaa laini, lisiumie.