Njia ya Tatu Haisubiri Kamwe

Jumanne, 6 Mei

Umebaki ukurasa mmoja, nao ndio utakaonizika. Bi Nélida Pautasso, bosi wetu hapa karakanani Alta Córdoba, aliahidi mbele za watu kwamba sisi watengeneza mashine za kulelea watoto njiti tutatunza maelezo ya namna kumbukumbu ya kompyuta inavyogawiwa katika kiini cha mfumo endeshi, ile programu mama inayoendesha nyingine zote. Kasema kiini ni mali ya wote, tumekula humo miaka mingi, sasa ni zamu yetu kuosha vyombo. Mwosha vyombo ni mimi, Fabricio Ludueña. Nani aliniponza? Mdomo wangu. Nilijisifu mkutanini kwamba mambo ya kumbukumbu nayajua nje ndani.

Kazi yenyewe haina mwisho. Watu wa Helsinki, wa Bangalore na sijui wa wapi wanabadili msimbo kila wiki, na maelezo yanabaki yaleyale, yanapotosha watu. Ukurasa huu unaeleza namna programu inavyoomba kumbukumbu. Njia ya kwanza: nafasi ikikosekana, husubiri. Njia ya pili: haisubiri, ikikosa inarudi mikono mitupu. Hizo nazijua. Mwaka jana wakaongeza njia ya tatu. Je, hiyo nayo husubiri? Sijui! Na si jambo dogo. Ukianza kusubiri huku umeshika kufuli, yaani zamu ya kugusa kitu kinachotakiwa na programu nyingine, mashine nzima inaganda.

Dawa ni kusoma msimbo. Nimeufungua. Nikashuka nao mpaka katikati, mistari yote ikaanza kufanana. Nikaufunga. Bi Nélida kasema ukurasa usipokamilika mwezi huu, nitahamishiwa kupokea simu za wateja. Wateja wetu ni madaktari. Nawaogopa madaktari.

Jumatano, 7 Mei

Hila imepatikana! Kwenye jukwaa letu la barua pepe, ukiuliza swali huambulii kitu, utaambiwa ukasome. Lakini andika kosa uone. Watakuja mbio kukusahihisha, hata walio likizoni, hata walio kwenye fungate. Basi nimeandika kosa. Nimeandika kwa ukali wa mwalimu mkuu: njia ya tatu haisubiri kamwe. Nikatia sahihi, nikatuma kiraka, yaani badiliko langu, wakikague.

Tegemeo langu ni Baltasar Echenique wa Rosario. Mtu huyu ni mwiba wa maisha yangu. Aliwahi kunirudishia kiraka kwa sababu ya nafasi tupu iliyobaki mwishoni mwa mstari, na mbele ya kadamnasi akaniuliza kama kibodi yangu ina kwikwi. Safari hii atanitukana vizuri sana, na ndani ya matusi mtakuwa na jibu. Akili ni mali! Nimejipongeza kwa kriolo, vile vimkate vyetu vya mafuta, sahani nzima.

Ijumaa, 9 Mei

Kimya. Sijatukanwa na mtu. Nafungua barua pepe kila ninapovuta pumzi.

Mchana Baltasar kajibu! Moyo ulinilipuka kwa furaha. Nikasoma. Kaandika kwamba ameukagua ukurasa, uko safi, hana la kuongeza.

Hana la kuongeza! Baltasar! Labda njia ya tatu kweli haisubiri? Labda nimebahatisha?

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwisha. Msimamizi wa maelezo kaupokea ukurasa, kaushukuru, kautia kwenye hazina kuu. Bi Nélida kausoma kwa sauti, watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga makofi pia, sijui kwa nini.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni Romina Cagliero. Romina ndiye aliyeandika programu ya joto, ile inayozuia kitanda cha mtoto kisipoe wala kisiungue. Hasifu mtu. Leo kauchapa ukurasa wangu kwenye karatasi, kaubandika juu ya meza yake. Kaniambia, mnene wee, leo umenifaa kweli, miezi nilikuwa sijui hii njia ya tatu inasubiri au haisubiri, sasa naitumia pale nilipokuwa nimekwama. Nikamuuliza pale wapi. Kasema pale ninaposhika kufuli la kipimajoto.

Nikaomba radhi, nikaenda msalani. Nikakaa humo.

Jumanne, 13 Mei

Hila ya pili: nijisahihishe kwa jina la bandia. Nimetuma kiraka kwa jina la Mpenda Kumbukumbu, nikisema kwa unyenyekevu kwamba huenda njia ya tatu husubiri. Kimerudi haraka kama mpira uliogonga ukuta. Msimamizi kasema hapa hapokelewi mtu asiye na jina lake halisi, na anayesema “huenda” aende kwanza akajue.

Hila ya tatu: Baltasar. Nimemwandikia faraghani, kwa mzunguko, kwamba je, ndugu yangu, uliusoma ule ukurasa kwa makini? Jibu lake sitalisahau. Kasema yeye pia hajui. Kasema aliona nimeandika kwa ukali namna ile, akadhani mwenzake nimezama nikatoka na lulu, akaona haya kuuliza. Kanisihi nisimwambie mtu.

Kwa hiyo hakuna anayejua! Dunia nzima inaegemea ukuta ambao nimeuchora kwa penseli. Sijala kitu leo, hata kriolo.

Alhamisi, 15 Mei

Siku ya majaribio. Ndani ya vitanda viwili tumeweka chupa za maji ya uvuguvugu. Ndani ya cha tatu Romina kamlaza mwanasesere wa bintiye, kwa bahati njema, kasema.

Mwanzoni kila kitu shwari. Nikaanza kupumua. Kisha kioo cha kitanda cha tatu kikaganda. Namba haziendi mbele wala nyuma, na hita inawaka tu, hakuna wa kuiambia basi. Romina karuka kung'oa waya wa umeme. Alipomtoa mwanasesere, shavu lake lilikuwa limelainika kwa joto, kidole cha Romina kikaacha alama.



Romina kaenda ukutani, kausoma ukurasa wangu mbele ya wote, neno kwa neno, haisubiri kamwe. Kasema, basi kosa ni langu, liko kwingine, na silioni. Bi Nélida kasema Jumanne vitanda vinakwenda hospitali ya wazazi kule Alta Gracia, wanavingoja, wana watoto wanaolala wawili wawili. Chanzo kisipopatikana hadi Jumatatu, programu ya joto itapewa mtu mwingine.

Ndipo nilipofungua kinywa. Nikasema huenda ni nyaya.

Sasa wanafumua nyaya zote.

Ijumaa, 16 Mei

Romina yuko sakafuni tangu asubuhi na kisu cha nyaya. Kibuyu cha yerba, chai yetu ya kunywa kwa zamu, kilipozunguka, yeye ndiye aliyekuwa akimimina, na kanipa mimi wa kwanza. Kasema pole mnene, nawe unahangaika kwa ajili yangu. Nilivuta mrija mpaka ukalia.

Kisha, bila kunitazama, kasema Jumatatu atamwambia Bi Nélida kwamba anaacha kazi. Si kwa kufukuzwa. Kasema hawezi kumlaza mtoto wa mtu ndani ya kitu asichokielewa. Kasema alikuwa akidhani anakielewa.

Nikatoka nje, nikasimama barabarani, na nimeogopa leo kuliko siku yoyote. Si simu za madaktari. Niliogopa shavu lile, lakini la mtoto.

Nikarudi, nikafungua msimbo. Mara hii sikushuka mpaka katikati. Nilianzia juu. Na pale juu kabisa, kabla ya chochote, mwandishi wake ameandika kwa sentensi moja: angalizo, njia hii inaweza kusubiri, usiitumie ukiwa umeshika kufuli.

Sentensi moja! Ilikuwa pale mwaka mzima!

Nikamwita Romina. Mficha uchi hazai, nikajiambia, sema. Nikamwambia acha nyaya, nimegundua kitu. Nikamwambia njia ya tatu husubiri. Kaniuliza, mbona ukurasa unasema vingine? Hapo ulimi ukaniponyoka. Nikasema msimbo umebadilishwa juzi tu, ukurasa umepitwa na wakati, si unajua hawa watu wa Helsinki.

Kaweka njia ya pili mahali pake, kawasha kitanda. Kimefanya kazi mchana kutwa bila kuganda. Kanikumbatia mpaka mbavu zikauma.

Jumamosi, 17 Mei

Mimi ni mjinga wa kuandikwa. Nimemdanganya mtu wa kiini juu ya tarehe! Kwetu historia ya kila mstari iko wazi: nani aliuandika, lini, na kwa nini. Huhitaji hata kuomba ruhusa.

Leo tumekuja kazini kurudisha nyaya. Kibuyu kimezunguka. Romina kampa Bi Nélida, kampa fundi umeme, kaniruka. Kikazunguka tena, kaniruka tena. Fundi umeme kanitazama kwa huruma kama wanavyotazamwa wafiwa.

Baadaye Romina kanikuta kwenye nyaya. Kasema ameangalia. Msimbo haujaguswa tangu mwaka jana, angalizo lilikuwepo, na ukurasa niliuandika mimi tarehe saba bila kusoma chochote. Nikamweleza hila yangu yote, ya kosa na ya matusi. Nilidhani atanichapa na koleo.

Hakupiga kelele. Kasema, mnene, ungesema tu hujui. Neno moja. Ningeusoma msimbo mwenyewe.

Kasema hatamwambia Bi Nélida, kwa sababu kumwambia ni kazi yangu. Na kabla hajaondoka kaniapisha kwa roho ya bibi yangu mzaa mama kwamba kuanzia leo nisichokijua nitasema sikijui. Nikaapa. Niliapa kwa dhati, machozi yalinilengalenga.

Jumatatu, 19 Mei

Vitanda vyote vimepita majaribio. Nimetuma marekebisho ya ukurasa kwa jina langu halisi, nikakiri jukwaani kwamba niliandika bila kusoma. Baltasar kajibu kwamba alikuwa na shaka tangu mwanzo. Mtu huyu!

Nilikwenda kwa Bi Nélida kuungama. Hakunipa nafasi. Kasema ameona marekebisho, hajawahi kuona mtu anayefuatilia makosa yake mwenyewe kwa uaminifu namna hii, kwa hiyo kanipa ukurasa mwingine, mgumu zaidi: kumbukumbu ikiisha kabisa, kiini huchagua programu ipi ya kuua ili nyingine zipone? Romina anauhitaji haraka. Anataka kujua namna ya kuilinda programu ya joto isije ikawa ndiyo inayochaguliwa. Kaniuliza mlangoni kama hilo nalijua. Nikamwambia nalijua.

Nimefungua msimbo. Nimeanzia juu, kama mtu aliyekoma. Juu hakuna angalizo lolote. Unaendelea tu, unashuka, na kila ninaposhuka unanitazama. Nimeufunga.

Lakini nimekaa nikatafakari, na nimeona tulipokosea. Hila haikuwa mbaya. Kosa ndilo lililokuwa dogo! Kosa dogo linafanana na ukweli, ndiyo maana watu wakaliacha lipite. Safari hii nimeandika kosa ambalo hata kipofu atalipapasa: kwamba kumbukumbu haiwezi kuisha kamwe, kwa hiyo kiini hakiui chochote. Nimetia sahihi. Nimetuma mchana.

Sasa nasubiri matusi. Jua limezama, na mpaka saa hii ni kimya.