Uzinduzi wa Ukumbi wa Mpira wa Njuga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi na wanaokaimu nafasi za wakurugenzi wasaidizi. Wadau wa maendeleo. Mabibi na mabwana. Na ndugu zetu wachezaji wasioona, ambao kwa sababu za kiitifaki nimewataja mwisho: hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Wachache: hatujambo.)

Kwa wale ambao hawakupata fursa ya kusoma taarifa niliyosomewa asubuhi, mpira wa njuga ni mchezo wa watu watatu kila upande, wote wamefungwa vitambaa machoni, ambapo mpira wenye njuga ndani huviringishwa kwa kasi na wachezaji hujitupa sakafuni kuuzuia kwa kuusikia tu, na ndiyo maana watazamaji hutakiwa kukaa kimya. Nilipoelezwa jambo hili nilitokwa na machozi, na machozi hayo tumeyaingiza kwenye mpango mkakati. (Makofi kutoka safu ya mbele.)

Ndugu hawa wamekuwa wakifanya mazoezi hapahapa, kwenye maegesho ya ofisi yetu, juu ya saruji, wakichubuka viwiko na nyonga, na mwaka jana mmoja wao alivunjika bega wakati gari fulani la idara lilipokuwa likirudi nyuma. (Sauti: “Gari lako!”) Nashukuru kwa ufafanuzi. Ndipo nikasema hapana, haiwezekani, lazima tuwe na ukumbi wa kisasa, jumuishi, wenye sakafu ya mbao na kuta za kuzuia kelele, kwa mkabala wa holistiki. Na leo natamka kwa unyenyekevu mkubwa kwamba utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane. Asilimia mbili zilizobaki ni ujenzi.

Ukumbi wenyewe huo hapo nyuma yangu. (Watu wanatazama turubai kubwa lililochorwa ukumbi.) Natambua kuwa baadhi yetu hatuoni, hivyo nitaueleza: ni mweupe, una madirisha mengi, na mlangoni pamesimama watu wawili wanaotabasamu.

(Kapteni wa timu, mwalimu wa historia, anasimama na fimbo yake. “Mheshimiwa, naomba nikaushike.”)

Kapteni, ratiba haina kipengele cha kushika.

(“Wenzetu wameuona kwa macho. Sisi macho yetu ni mikono.”)

Hoja nzito, tutaiundia kamati. Kapteni, kaa. Kapteni, huko kuna ngazi. (Kapteni anapanda ngazi, anapita mbele ya meza kuu, ananyoosha mkono, anapapasa. “Mheshimiwa, ukuta unapepea.”) Ni teknolojia mpya. (“Na nyuma yake nasikia mtu anafua.”)

(Sauti ya mwanamke nyuma ya turubai: “Ni mimi, mwanangu, mke wa mlinzi. Hapa ni kwangu. Walikuja jana wakaniambia nisianike nguo mpaka mkubwa aondoke.” Watu wanacheka. Kapteni hacheki. Anaendelea kulishika turubai kama mtu aliyeshika nguo ya marehemu.)

Ndugu wananchi, tusilipotoshe jambo hili.

(Kapteni, bila kupaza sauti: “Niliwaambia wenzangu wafue jezi. Yule aliyevunjika bega amerudi leo, mara ya kwanza. Mama yake ametoka mbali, aje asikie mwanawe akianguka kwenye mbao.” Analiachia turubai. “Basi. Tutacheza kwenye saruji. Toeni magari.”)

Magari ni ya waheshimiwa, hayawezi kutolewa kabla ya… (Madereva wanatoa magari. Wachezaji wanabandika kamba sakafuni, wazipapase kwa vidole wajue walipo. Mama wa mchezaji aliyevunjika bega analetewa kiti. Kiti ni cha Mgeni Rasmi.) Nitahutubia nikiwa nimesimama, kwa ajili ya afya.

Naendelea na takwimu. Kufikia mwisho wa robo ya tatu ya mwaka wa fedha unaofuata ule ujao… (Refa: “Kimya!”) Refa, unajua unazungumza na nani? (Refa: “Sijui, sijali, mpira uko mchezoni. Kimya!” Umati mzima: “Shhh!”)

(Kwa kunong’ona.) Basi, namalizia. Michezo kwa wote, oyee. (Hakuna anayejibu. Njuga zinasikika.) Maendeleo, oyee. (Mchezaji wa bega anajitupa, anauzuia mpira kwa kifua. Mama yake anaziba mdomo kwa mikono miwili.)

(Kwa kunong’ona zaidi.) Kwa namna ya pekee namshukuru mkandarasi, ambaye hatujampata, msanifu, ambaye hatujamtafuta, familia ya mlinzi, kwa kututunzia kiwanja ambacho hawajaambiwa kuwa tunakitaka, na msanii wa turubai, ambaye hadi sasa ndiye mtu pekee aliyeufanyia kazi mradi huu.

(Mchezaji wa bega anauviringisha mpira. Unapita. Bao! Umati unalipuka, vigelegele, watu wanasimama juu ya viti.)

Asanteni. Asanteni sana. Kaeni tu, jamani, kaeni.