Mapaja kwa Ajili ya Mwanakhamis

Jumatatu, 5 Januari

Siku mbaya. Mke wangu Mwanakhamis bado yuko kwao Gando. Aliondoka akisema hana mume, ana godoro. Paa linavuja, mimi nalala. Nimeelewa: anataka mwanamme mwenye misuli! Jumapili kuna mchezo wa ng'ombe Wingwi na kwao wote watakwenda. Nitaingia uwanjani na kanga mkononi, nimchezee ng'ombe, anione.

Nikamuuliza shemegi Ummi, anayesomesha bayolojia skuli, misuli inatengenezwaje. Akasema seli changa hujipanga, hutambuana, hugusana, kisha utando baina yao hufunguka, kama ukuta uliotoboka tundu, zikawa uzi mmoja mrefu. Hazitengani tena. Akaongeza kuwa dada yake ananingoja nikamchukue. Hilo baadaye. Muhimu ni kugusana!

Jumatano, 7 Januari

Nimefunga mapaja kwa tyubu ya baiskeli, nikakaza kabisa, seli zisogeleane. Nikaenda msikitini, hapa hapa Jadida. Kwenye sijda sikuweza kuinuka. Ganzi tupu! Jirani yangu Shaame, mpakizi wa magunia ya karafuu, akaninyanyua kwa makwapa. Simpendi mtu huyu. Akauliza nina nini. Nikamjibu ni sayansi.

Ijumaa, 9 Januari

Ummi kakasirika. Kasema seli haziungani kwa kubanwa. Kwa mtu mzima zipo za akiba, zimelala kandoni mwa uzi. Uzi ukiumia kwa kazi, zinaamka na kujiunga nao. Kazi, chakula, mapumziko, tena wiki nyingi. Akanikumbusha Gando.

Kumbe siri ni kuumia! Si angesema mapema? Nimechukua mchi nikajipiga mapaja yote mawili. Nimelia kidogo. Seli zinaamka, nazisikia.

Jumapili, 11 Januari

Sina hamu ya kuandika. Ng'ombe alinitazama, watu wakashangilia. Nikataka kukimbia, mapaja yakakataa. Nikakaa chini mbele yake. Akaninusa, akaenda zake kula majani. Shaame akanibeba begani, akanipitisha mbele ya wanawake wote. Mwanakhamis hakucheka. Bora angecheka. Alijifunika uso kwa mtandio, akageuka.

Jumatatu, 12 Januari

Asubuhi amekuja ami yake mke wangu, Mzee Khatib. Kasema Mwanakhamis anangoja tangu Oktoba nikamchukue, hata kwa kuchechemea. Nisipokwenda kabla ya Ijumaa, wanadai talaka. Nikamtilia chai.

Alipoondoka nyumba ikawa kimya, nikaumia hasa. Miaka sita kitanda kimoja, na ukuta baina yetu haujapata hata tundu. Namtaka mke wangu. Namtaka sana. Na gari ya Gando inapita hapa hapa mlangoni.

Lakini niende na mapaja haya, anione mnyonge mara ya pili? Hata! Nimesikia kuogelea alfajiri kunakaza mwili. Naanza Jumamosi, maumivu yakishapoa.