Bembea ya Mama kwenye Mchanga wa Kongowe

Jumamosi, 12 Aprili

Nimerudi kutoka Kisarawe na aibu yangu. Nyumba ya Mama inaezuliwa mwisho wa mwezi, mabati yameoza, na lazima akae kwa mtoto mmoja hadi paa jipya likamilike. Tulikaa barazani kulizungumza. Mdogo wangu Hamisa, anayeishi jirani kabisa na Mama, akasema chumba kiko tayari na shuka zimeshafuliwa. Mimi mzaliwa wa kwanza, afisa ugavi, mwenye nyumba kubwa Kongowe ya Kibaha, nilikuwa natafuna fenesi. Nikameza haraka nikasema Mama anakuja kwangu. Baba mdogo akaniuliza kwa upole ni lini mara ya mwisho nililala hapa Kisarawe. Nikajifanya fenesi limenikwama.

Mama akasema Jumamosi ijayo atakuja kwangu kuangalia, ndipo aamue. Ila Kibaha kuna joto, akasema, na yeye mchana amezoea kulala kwenye upepo wa kilimani.

Njia nzima nimewaza neno moja. Upepo.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemweleza mke wangu Firdausi. Bembea ya kulalia! Ile ya wavu, inayofungwa kwenye miti miwili, niliyoiona hotelini Bagamoyo tulipokwenda semina. Mama atalala humo mchana, upepo utapita chini na juu. Hamisa na shuka zake atafanya nini?

Firdausi akauliza nitaifunga kwenye miti gani. Swali baya. Mwembe na mwarobaini niliikata mwaka juzi kupisha maegesho ya gari. Gari lenyewe halijaja.

Basi, stendi ya chuma. Nimekwenda mtaa wa Kwa Mathias kwa fundi wa kuchomelea, nikamchorea mchoro. Miguu minne, katikati imepinda kama mwezi mchanga. Kaniuliza nitaiweka wapi. Nikamjibu uani, kwa sauti ya mtu mwenye ua.

Jioni nimemwambia jirani, Mwalimu Elinipa, kwamba Mama anahamia kwangu. Hajaamua bado, lakini nilishasema. Mwalimu amestaafu ualimu ila macho yake hayajastaafu. Kanipongeza. Nilijisikia vibaya, kisha vizuri.

Jumatano, 16 Aprili

Stendi imefika. Nzuri sana. Nimeiweka mbele, karibu na geti, ili mpita njia aione.

Hapo mbele palikuwa bonde. Nilijaza mchanga mwenyewe nilipojenga, na masika hii imeugeuza uji. Nikafunga wavu, nikajilaza taratibu. Mguu mmoja wa stendi ukazama. Mwingine ukakataa kuzama. Bembea ikanimwaga kifudifudi.

Nikiwa bado chini nikasikia Mwalimu Elinipa juu ya ukuta akinisalimu. Aliuliza kama niko salama. Nikamjibu naangalia udongo. Sikudanganya. Nilikuwa nauangalia kwa karibu.

Ijumaa, 18 Aprili

Sikukuu, hakuna kazi. Asubuhi nzima nimepambana na miguu ile. Nimeiwekea tofali, tofali zimezama nayo. Nimeiwekea mbao, mvua ikapiga, mbao moja ikaelea. Firdausi akanishauri niihamishie barazani kwenye sakafu ya saruji, itatulia. Nimemweleza kwamba barazani haionekani kutoka getini. Akaenda sokoni.

Nilipata wazo msikitini, wakati wa hotuba, Mungu anisamehe. Kitu chembamba huzama, kitu kipana hakizami. Na ni vitu gani vipana, vya bati gumu, na viko vinne? Sinia za Firdausi. Zile kubwa za maua, alizoletewa na mama yake, ambazo hutoka kabatini siku ya shughuli tu.

Nimeziweka moja moja chini ya kila mguu, nikazifukia kwa mchanga zisionekane. Nikajilaza. Kimya! Stendi haikutikisika. Nimelala humo mpaka alasiri. Sijawahi kujiheshimu hivi.

Jumamosi, 19 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mama alikuja kwa gari la mume wa Hamisa, na Hamisa mwenyewe pembeni yake. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, macho tayari yako kwenye bembea. Akauliza ni nini kile. Nikasema ni upepo wako, Mama. Hamisa akatazama pembeni.

Ndani, Firdausi alikuwa amepika pilau. Akafungua kabati. Akalifunga. Akalifungua tena. Akaniita pembeni akaniuliza sinia zake ziko wapi. Hapo ndipo ningesema kweli. Nikasema nadhani tulimwazima Mwalimu Elinipa.

Firdausi akampigia. Mwalimu hakujibu kwa simu, alikuja mwenyewe, amejifunga kanga, ameshika masufuria yake mawili. Alisema mbele ya Mama kwamba hajaazima sinia katika nyumba hii, ila kama tumepungukiwa vyombo, hivi hapa vya kwake. Mama akamshukuru. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Tukala pilau kwenye beseni.

Baada ya chakula Mama akasema haya, huo upepo. Nilimshika mkono, akakaa, akainua miguu, akalala. Hamisa akatoa simu kurekodi, apeleke kwenye kundi la familia. Upepo ukaja kweli. Mama akafumba macho. Nikamtazama Hamisa. Nilitaka anione.

Kisha stendi ikaanza kuondoka. Haikuzama, iliteleza. Bati juu ya mchanga uliolowa, kama sabuni juu ya sakafu. Miguu ya mbele ikaenda getini, ya nyuma ikaenda kwa Mwalimu Elinipa, na Mama akashuka katikati polepole, kama mzigo unaoteremshwa na watu waangalifu, mpaka mgongo wake ukatua mchangani. Na sinia zikaibuka. Ya kwanza, ya pili, zote, maua yake mekundu yakioga juani.

Firdausi alikuwa anatazama sinia. Mwalimu Elinipa alikuwa ananitazama mimi. Mimi nilikuwa natafuta pa kutazama.

Mama alifumbua macho, bado amelala chini.

"Nilitaka kushuka," alisema. "Nimeshuka. Hamisa, futa hiyo."

Hamisa akafuta. Niliona kidole chake kikifuta.

Tulipomwinua hakuwa na maumivu, mchanga ulikuwa laini. Hilo tu ndilo jema nililofanya. Nilimpangusa kanga mgongoni, na alipokuwa amenipa mgongo akaniambia kwa sauti ya chini, wengine wasisikie:

"Mwinyijuma, usingenifanyia haya yote. Ungeniambia tu, mama njoo. Ningekuja."

Nikamuuliza kama basi anakuja. Akasema kwa sasa atakaa kwa Hamisa, karibu na mafundi wake na kuku wake. Mimi niende Jumapili moja, nikae naye tu, bila kuleta kitu. Nikasema ndiyo, Mama. Nilitamani mchanga unimeze, lakini mchanga ule kwangu haukuwa na haraka.

Jumapili, 20 Aprili

Firdausi amezisugua sinia zote na kuzipanga mezani badala ya kabatini. Moja imepinda katikati. Amepanga tu, mahali ninapokula.

Nimekwenda kumwomba radhi Mwalimu Elinipa kwa kumsingizia. Nilikwenda asubuhi, Pasaka, nikijua yuko kanisani. Sikumkuta. Nimehesabu kwamba nimeenda.

Jioni Hamisa akapiga. Nilijiandaa kutukanwa. Kumbe alitaka kunipa habari: baba mdogo na ndugu wengine walikuja kumuuliza Mama kulikuwaje Kibaha. Mama akawajibu kwamba ua ni mpana, pilau lilikuwa zuri, na mtoto wake amemhangaikia sana. Kuhusu kuanguka hakugusia.

"Amekuficha, kaka," Hamisa alisema. "Mimi nisingekuficha."

Nikamwambia asante. Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Mama ana miaka sabini na kitu na bado ananifunika kanga nisionekane. Nililia kidogo. Firdausi alipoingia nikasema ni vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Jumapili, 27 Aprili

Mafundi wameanza kuezua kwa Mama. Amenipigia asubuhi, akaniuliza kama leo naenda, amenichemshia mihogo. Nikamwambia leo nina kazi muhimu. Akasema sawa mwanangu, kazi kwanza. Sauti yake ilishuka kidogo. Niliona aibu, lakini haikunizuia, maana kazi yenyewe ni ya kwake.

Nimefikiri wiki nzima. Nimeuchambua mkasa ule mguu kwa mguu, na sasa najua kosa langu lilikuwa wapi. Wala si sinia. Wala si stendi. Kosa lilikuwa ardhi. Chochote utakachokisimamisha juu ya ardhi laini, mwisho kitakusaliti.

Kwa hiyo nimenunua kiti cha kuning'inia. Kama yai kubwa, cha kamba za plastiki, na mto wa njano. Kinafungwa juu, sebuleni, hakigusi chini kabisa. Firdausi aliniuliza dari letu ni la nini. Nimemwambia ni jipsamu, yale mabamba ya chokaa, tena ile nene. Akachukua sinia zake zote, akaenda nazo kwa Mwalimu Elinipa, akasema atazirudisha tukimaliza.

Nimepanda ngazi, nimegongagonga dari kwa kidole. Limeitikia vizuri. Mama akija atakaa humo, miguu juu, na Hamisa arekodi anavyotaka.

Nashuka kuchukua keekee ya kutobolea dari.