Spana za Kijani

Jumatatu, 7 Mei 1956

Daftari, unisamehe. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari mmoja. Si dharau. Ni mvua, ni nepi zisizokauka, ni kalamu iliyopotea. Mwanangu Kiprugut aliificha ndani ya unga. Leo nimeipata kwa sababu nimeisonga pamoja na ugali.

Habari zenyewe ni mbaya. Sista Peterson wa zahanati amemvuta Kiprugut kope la chini, akatazama, akatikisa kichwa. Damu haitoshi. Mtoto wa miaka minne, ndani ya jicho mweupe kama karatasi! Akasema nimpe spinachi kila siku, ina chuma, nirudi naye Ijumaa ya wiki ijayo.

Kiprugut, yaani aliyezaliwa wakati wa njaa. Alikuja njaa ikiwapo. Sasa chakula kipo, hataki. Anakula ugali mkavu na chumvi. Nikigeuka, anakula udongo wa ukutani.

Jioni baba yake ameongeza la pili. Micah ni fundi wa karakana ya reli, mtu wa maneno machache, na machache yenyewe huwa mabaya. Mama yake anakuja kutoka Subukia Jumamosi ya wiki hiyohiyo, kesho yake baada ya zahanati. Amesikia mjukuu amekonda. Akimkuta bado hana damu, anamchukua akakae huko anywe maziwa. Nimemuuliza Micah yeye amejibu nini. Amesema amejibu sawa, Mama.

Sawa, Mama!

Mwanangu simtoi. Spinachi ninayo, nilipanda nyuma ya jiko, na mvua hii imeitia kichaa. Majani kama masikio ya ndovu. Mpango ninao.


Jumanne, 8 Mei

Mpango ni huu. Kwetu Ravine mboga haipikwi siku moja. Managu unaichemsha, unamwaga maji machungu, unatia maziwa, unaiacha chunguni. Kesho unapasha, unatia maziwa tena. Siku ya tatu mgeni anasahau njia ya kwao. Hivyo ndivyo mama yangu alivyotulisha sote saba, na hakuna aliyekataa.

Spinachi nayo si mboga?

Nimejaza chungu mpaka mdomoni. Nimechemsha saa mbili nzima, nimetia maziwa. Mama Joash, jirani tunayegawana naye ukuta, amechungulia akasema, Mama Kiprugut, hiyo haitaki moto mwingi. Hiyo unaipitisha tu motoni, kama mtu anayepita kwa jirani asiyempenda. Nikamwambia ahsante. Nikaongeza makaa.


Alhamisi, 10 Mei

Nimefunua chungu.

Ee Mungu wangu.

Majani hayapo! Yameyeyuka. Kimebaki kitu cha kijivu, kinavutika kama kamasi. Mama Joash ametoka nje akiuliza watu kama kuna panya aliyefia karibu. Kiprugut amekuja, ameinama juu ya chungu. Kisha kwa huruma nyingi akaniambia, Mama, ndama amehara.

Ndama hatuna.

Nimemwaga yote kwenye mtaro. Kuku wa watu wamekuja mbio, wakatazama, wakarudi.


Jumamosi, 12 Mei

Mpango wa pili: kuificha. Nimekatakata spinachi mpaka kisu kimeota joto, nikaisonga ndani ya ugali. Ugali ukatoka wa madoadoa. Micah ameuliza kama unga ulilowa. Nimesema kula. Amekula nusu, halafu akakumbuka kuna mtu anamngoja hotelini. Hapo hotelini wanauza nyama.

Kiprugut hakulia, hakugombana. Amekaa na tonge lake akitoa kipande kimoja kimoja cha kijani, kama mtu anayetoa chawa. Amevipanga vyote ukingoni mwa sinia, mstari mmoja ulionyooka. Kisha amekula ugali. Mtoto hana damu lakini macho anayo.

Mdogo wake, huyu wa mgongoni, amelia mchana kutwa. Nilimlaza, nami nikalala pale pale chini, kichwa juu ya gunia la makaa. Nimeamka na shavu jeusi, na hakuna aliyeniambia mpaka jioni, pale bombani, mbele za watu.


Jumapili, 13 Mei

Mtoto hula akiona mwenzake anakula. Kila mtu anajua. Baada ya kanisa nimemwita Joash wa hapo ukutani, ana miaka mitano na mashavu kama maandazi. Spinachi nimeipika kwa namna ya Sista: siagi, unga wa ngano, maziwa, unakoroga mpaka inakuwa uji mweupe, ndipo unaitia. Siagi yangu yote ya mwezi.

Joash amekula sahani yake. Amekula sahani ya Kiprugut. Ameomba sufuria, akaipangusa kwa kidole. Kiprugut amemshangilia kwa makofi, wala hakuonja.

Jioni Mama Joash anasema bombani kwamba mwanawe siku hizi anang'aa, sijui ni nini. Mimi najua ni nini! Ni siagi yangu! Nimenenepesha mtoto wa watu, na wangu nikimbeba ni kama nimebeba shati.


Jumanne, 15 Mei

Nimeshinda! Andika kwa herufi kubwa, NIMESHINDA.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Sikuwa na siagi, sikuwa na nguvu, nikapitisha majani motoni na kitunguu tu, mara moja, nikayaweka mezani bila neno. Kiprugut akauliza, hiyo ni nini. Nikasema spinachi. Akauliza tena, macho yamemtoka: Spana?

Ulimi wake mdogo haukuweza kulifikisha neno mwisho. Na spana anazijua. Baba yake anarudi nazo mfukoni, na yeye haruhusiwi kuzigusa. Nikamtazama. Nikatazama mlango, kama kuna mtu atanisikia. Nikasema ndiyo, baba. Spana. Ndogo ndogo, za kijani. Zina chuma ndani. Sista mwenyewe amesema. Ukila, unakuwa fundi kama Baba.

Amekula. Amekula yote! Akageuza sahani kutafuta nyingine.

Nimeenda nyuma ya jiko nikalia kidogo, kwa furaha, katikati ya spinachi.


Alhamisi, 17 Mei

Spana asubuhi, spana jioni. Anatembea kifua mbele. Anawaambia watoto wa mstari mzima wa nyumba zetu kwamba yeye anakula chuma. Nimemwambia Mama Joash bombani kwamba watoto wengine wanataka mama anayejua kuwalea. Amesema ehe. Wivu ni kitu kibaya.


Ijumaa, 18 Mei

Sista amevuta kope. Pana rangi kidogo, amesema, ya waridi hafifu. Akaniambia niendelee. Nimerudi nikiruka madimbwi, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Kogo, bibi yake wa Subukia, na aje. Namngoja.


Jumamosi, 19 Mei

Afadhali nisingeandika. Lakini ni nani mwingine nitakayemwambia?

Kogo amefika na kibuyu cha maziwa na shuka lake jekundu. Nimempokea vizuri, nimempa kiti chenye miguu yote. Amemtazama mjukuu mbele na nyuma kama anayenunua mbuzi. Amesema kwa kweli si mbaya kama alivyoambiwa. Amemuuliza, kijana wangu, mama yako anakulisha nini?

Kiprugut akasema spana.

Kogo akageuka kwangu polepole. Nikacheka. Nikaanza kueleza, ni majani tu, Mama, ni mchezo wa jina. Lakini mtoto akaona bibi hamwamini. Akakimbilia koti la baba yake, akatia mkono mfukoni, akatoa nati. Nati ya kweli. Akasema, Kogo, tazama.

Akaimeza.

Mbele yetu sote! Micah bado ameshika kikombe cha chai!

Kogo amemshika miguu akamning'iniza kichwa chini. Haikutoka. Tumekimbia zahanati, Micah mbele, mimi bila viatu. Sista amesikiliza tumbo, ameuliza ni kubwa kiasi gani, Micah akaonyesha kwa kidole. Amesema haijakwama, itapita yenyewe, apewe ugali na ndizi, watu wachunguze choo chake. Kisha ameniuliza, kwa upole unaouma, nani amemwambia mtoto chuma kinaliwa.

Nimesema sijui.

Usiku Kogo hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Amekaa akatazama moto, akasema amezeeka, amepitia mengi, njaa ameiona, nzige amewaona. Lakini mke wa mtu anayemlisha mtoto gari la moshi, huyo ndiyo kwanza anamwona leo.

Micah alitaka kucheka. Nimemwona.


Jumapili, 20 Mei

Amemchukua.

Nimesimama mlangoni nikasema mtoto haendi. Nimesema nimemzaa mimi, na damu imeanza kurudi, Sista ni shahidi. Kogo amesema, binti yangu, si kwamba humpendi. Unampenda kwa akili nyingi mno. Nimemtazama Micah. Micah alikuwa anatazama viatu vyake, kama leo ndiyo ameviona.

Amefungwa ndani ya shuka jekundu. Hakulia. Amenipungia mkono kutoka kwenye lori la maziwa, kama fundi anayekwenda kazini. Kogo ameondoka na sufuria yangu ya buluu pia, ya kumwogeshea.


Jumanne, 22 Mei

Nyumba kimya. Ukuta nimekuta una shimo pale anapokula udongo, chini kidogo ya dirisha. Nimeweka kidole ndani. Kimeingia chote.

Spinachi inazidi kuota. Nani ataila? Leo nimeipika kama siku ile ya spana, kitunguu, kugeuza, kutoa. Ni tamu. Ni tamu kabisa, na nimekula peke yangu nimesimama.

Mama Joash ameingia bila hodi. Hakusema nilikuambia. Amemchukua mdogo mgongoni kwangu, akakaa. Amesema nilale, atapika yeye. Nimelala. Nimeamka, mtoto amelala, nepi zimekunjwa, na Joash amemaliza sufuria.


Alhamisi, 24 Mei

Habari! Dereva wa lori la maziwa ameleta salamu kutoka Subukia. Nati imetoka Jumatatu, salama. Kogo ameiosha, ameifunga kwenye kitambaa.

Lakini sikiliza. Kiprugut amekataa maziwa. Amekataa katakata! Anasema hayana chuma. Wamemletea maziwa ya mala, wamemletea nyama ya mbuzi, anasukuma bakuli anaita spana, spana, spana. Shamba zima wanamwita Fundi. Kogo amesema kwa mdomo wa dereva kwamba mimba alibeba tisa na hakuna aliyewahi kumshinda, lakini huyu amemshinda. Anamrudisha Jumamosi. Mtoto akae kwa mamake, mboga zile apikiwe, lakini kwa sharti moja: kila siku anywe maziwa kikombe kizima. Na neno spana lisisikike tena.

Halitasikika! Naapa. Sitalitaja kamwe.

Maziwa nitamwambia ni grisi. Grisi nyeupe, ya kulainisha magoti. Karoti nazo, nikizipata, ni misumari ya reli. Mama Joash amenitazama nilipomwambia, akasema ehe.

Dereva anarudi Subukia kesho asubuhi, ameuliza nataka aniletee nini Jumamosi. Nimemwandikia orodha ampe Kogo. Sufuria yangu ya buluu. Nati ya Micah, karakana wanaiulizia. Maziwa chupa mbili. Kibuyu, kama Kogo ana cha ziada. Na Kiprugut, mzima, asipunguzwe hata kidogo.