Alama za Rasha: Maongezi Yapo

Bi. Khairunnisa Humoud,
Muuza vitenge,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Kwa Mwalimu Mkuu,

YAH: MWALIMU WA HESABU ASIYETAKA KUPATANA

Mheshimiwa Mwalimu, pole na kazi, na pole zaidi kwa kuwa na Mwalimu Gaudens. Mjukuu wangu Rasha ameambiwa arudie darasa la nne kwa sababu ya hesabu, na tangu jana hali wala hanywi. Nami nimekasirika, siwezi kuficha.

Mwaka ule wa Korona mlifunga shule Rasha akiwa darasa la kwanza. Nyumbani Mchafukoge hapakuwa na wa kumwangalia, nikawa naenda naye dukani. Hesabu kajifunzia hapo, katikati ya wateja. Dukani namba ya kwanza kutajwa ni ya kufungulia mazungumzo tu, hakuna mtu mwenye akili anayeikubali. Kwa msingi huo nalalamika hivi:

1. Mwalimu anauliza saba mara nane, mtoto anasema mia. Hiyo ni heshima, kamwachia nafasi ya kushuka. Mwalimu anasema amekosa! Hata "punguza kidogo" hakusema. Mtu kwao Kilimanjaro, kaka zake wana duka la jumla mtaa wa pili kutoka kwangu, leo kupatana hakujui? Makubwa haya!

2. Mwalimu akamgeuzia mgongo. Kwetu mteja akigeuka ndiyo anataka kuitwa, basi mtoto akamwita: njoo bosi, tuongee. Akapigishwa magoti.

3. Kwenye mtihani Rasha aliandika "maongezi yapo" pembeni ya kila jibu, kwa mwandiko safi kabisa. Msahihishaji hakupiga simu, hakutuma hata mtu.

4. Kwa hiyo naomba kuanzia mwakani kila mtoto akae meza moja na msahihishaji wake, waletewe kahawa, wamalizane kiutu uzima.

5. Mmempa nane kwa mia. Sawa, hiyo ni ya kwenu ya kufungulia. Mimi nasema tisini na tano. Mkifika thelathini tutaelewana, na darasa asirudie. Mkikataa namhamisha, na siku hiyo nitatembea polepole mpaka getini ili mniite.

Nisalimieni walimu wote, mama wa uji na mlinzi. Gaudens naye msalimieni, ila kwa mbali.

Wenu mwenye uchungu,
Bi. Khairunnisa

N.B. Baada ya kutia sahihi nimemkalisha Rasha, nikamwambia mimi si mteja, anitajie jibu la mwisho moja kwa moja. Akainamisha kichwa. Anasema la mwisho halijui, hajawahi kulijua. Huanza na kubwa ili mwalimu ashuke mpaka lilipo, naye amfuate huko huko. Nimelia mwenzenu. Naomba arudie darasa la nne, tena kwa Mwalimu Gaudens huyo huyo, kama atakubali kumpokea.