Panya wa Ghala la Mama

Jumanne, 8 Julai 2025

Mama ameniita Mudrik tena. Mudrik! Kaka yangu anayekaa Kilindoni, anayekuja huku Baleni kila Ijumaa na kilo moja ya sukari. Mimi ninayempikia uji kila siku sina jina. Zamani akiniita kwa jina lote, Luqmani bin Suleimani, mtaa mzima ukajua nimevunja kitu. Nina hamu na sauti ile kuliko Idi za utotoni. Nataka aniite tena, hata mara moja, hata kwa kunigombeza.

Daktari Specioza amesema ni maradhi ya kusahau. Walinzi wa ubongo wameghadhibika, wanaichoma nyumba wanayoilinda. Nikauliza dawa. Akasema wataalamu hufuga panya waliotiwa maradhi hayo, wakawajaribia dawa. Panya wengi wamepona, watu bado. Nimesikia vizuri: panya wengi wamepona.

Jumatano, 9 Julai

Nimetega ghalani, penye nazi. Nimempata mmoja, mnene. Nampa manjano na tangawizi. Kisha mtihani wa kumbukumbu: vifuu vitatu, dagaa chini ya kimoja. Amekosea mara mbili. Mgonjwa kabisa, maskini.

Ijumaa, 11 Julai

Amepata dagaa mara nne mfululizo! Nimemwonyesha Mudrik. Amecheka, akasema panya ananusa tu. Wivu huo. Nimempigia Daktari Specioza. Akauliza nilijuaje kama panya anaumwa. Sikuwa nimelifikiria hilo. Akanikataza nisimpe Mama dawa yoyote bila yeye kujua. Nimetii. Tangawizi ndani ya uji si dawa, ni uji.

Jumamosi, 12 Julai

Mtego wazi. Mama amemfungulia panya. Nilifoka, nikajuta papo hapo. Akanieleza kwa upole kwamba mwanawe Luqmani naye alifuga panya mle ghalani. Yeye Mama alipomfungulia panya yule, mtoto alilia mpaka Magharibi. Akaniomba, nikimwona huko njiani, nimwambie arudi nyumbani, mama yake hajamkasirikia.

Nikasema nitamwambia. Kisha nikaenda nyuma ya ghala, palepale pa zamani, nikalia.

Baadaye nimewaza. Jina limetoka! Tena baada ya bakuli mbili za uji. Basi dawa ni sahihi, kosa ni la panya, mdogo mno. Komba ana mikono kama mtu. Kesho natega komba.